Mwanangu, ile voisi ya boti

Mwanangu, umelala na begi limefungwa, basi la Mombasa laondoka Mokowe asubuhi na mimi usingizi hauji, nitaandika tu uje usome njiani.

Ni ile voisi ya uongo, eti boti ya Kizingitini imepata ajali. Nasema tena. Bibi yako alikaa chini pale mlangoni akaanza kumlilia mwanawe, na mjomba wako saa hiyo yuko kwake salama anakula samaki, na voisi imeingia kwenye grupu la ukoo kutoka kwako. Ilikuwa na vile vimishale viwili juu, yaani imepita mikono mingi mno, tangu 2020 WhatsApp wenyewe wamezuia meseji ya namna hiyo, huwezi kuituma ila mahali pamoja pamoja, nawe pahali pako pamoja ukachagua grupu la watu themanini!

Si kwamba huna akili. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchora mikono, umejifunza YouTube, maua ya Kisudani na ya Kihindi, hakuna aliyekushika mkono, na leo maharusi wa Mkomani na Langoni hapa Lamu wakuulizia wewe, nikisikia moyo wanijaa hata nikinyamaza. Lakini piko mpya waijaribu kwanza kwenye mkono wako, waangalia kama yawasha, ndio umpake bibi harusi. Habari mbona huijaribu?

Kakako alipata simu na miaka 14, akakaa nayo barazani na wenzake, kila klipu wabishana, huyu asema ya uongo, huyu asema ya zamani hiyo si ya huku. Wewe nilikunyima mpaka umemaliza skuli, ukawa wachukua yangu usiku, wasoma chini ya leso huna wa kumuuliza. Nilidhani nakuhifadhi. Basi.

Na chuoni, madrasa, umesoma, hadithi ya Mtume haipokelewi mpaka ijulikane fulani kaipokea kwa fulani, mmoja akiwa muongo imeanguka. Surat Hujurat umeihifadhi, fasiki akiwajia na habari, chunguzeni. Sasa voisi haina hata jina la mtu! Muulize aliyekutumia, umeipata kwa nani, huyo aliona kwa macho yake? Akisema na mimi nimetumiwa tu, iache hapo hapo, piga simu gatini, watu wa boti wako pale kutwa. Huko Mombasa wakati wa uchaguzi zitakuja nyingi zaidi na mbaya zaidi, 2007 hata WhatsApp haikuwako, meseji za kawaida za chuki zilizunguka na watu wakauana. Usitume mwanangu. Usitume kitu hujui kimetoka wapi.

Mimi pia nilikuwa nishaituma kwa wanawake wa chama kabla bibi yako hajaanza kulia. Usinijibu hilo.

Gasi imeisha, mahamri nimeyapika kwa makaa, yana moshi kidogo, ya khalati yako ni yale ya mkebe mwekundu usiyale njiani. Namba ya mjomba na ya nahodha nimekuandikia kwa karatasi, iko ndani ya msahafu.