Taa ya Eabegi Imewaka na Haizimi? Anza Kuangalia Chini ya Kiti

Mama mmoja anayechukua samaki Mikindani na kuwauza mjini alituletea Toyota IST yake akiwa ameshakata tamaa. Kale kataa kekundu ka eabegi (mfuko wa hewa unaofunguka gari likigonga), kenye kijimtu kilichokaa na duara mbele yake, kalikuwa hakazimi tangu mfungo uishe. Fundi wa kwanza alimwambia kontroli boksi imekufa, aagize nyingine Dar. Wa pili akajitolea kumng'olea balbu, "isikusumbue macho, mama."

Tulisukuma kiti cha abiria hadi mwisho wa reli, tukainama na tochi. Zulia lilikuwa bado na unyevu, na plagi ya manjano inayoenda kwenye eabegi ya ubavuni mwa kiti ilikuwa imeota kutu ya kijani kama ukoga. Ndoo zake zinasafiri hapo kila alfajiri. Barafu ikiyeyuka, maji ya chumvi yanashuka palepale. Tuliisafisha, tukabadilisha pini mbili, tukafuta kosa kwa mashine, akaondoka kabla ya adhuhuri.

Si kila gari linapona kirahisi hivyo, ila kwa magari tunayopokea hapa Mtwara, plagi za chini ya viti ndizo tunazoangalia mwanzo. Sababu ni hii. Ukifungua swichi, kontroli boksi ya SRS (mfumo wa eabegi), ambayo kwenye magari mengi imefungwa katikati karibu na gia, inapitisha umeme kidogo sana katika kila waya kuona kama njia ni nzima. Eabegi iliyo salama huwa na ukinzani wa omu 2 hivi, wakati mwingine 3. Kutu kidogo kwenye pini ikiongeza omu moja au mbili, boksi inahesabu kwamba waya umekatika, inawasha taa, na kwenye magari mengi inazima mfumo. Maana yake ukigonga, mfuko hautafunguka. Gari litaendelea kutembea vizuri tu, na hapo ndipo watu wengi wanapojisahau.

Kwa hiyo chumvi ya pwani, maji ya mafuriko yaliyoingia ndani, mizigo inayosukumwa chini ya viti msimu wa korosho, vyote vinaishia kwenye plagi hizo za manjano. Betri iliyochoka nayo inaweza kuwasha taa hii, kwa hiyo tunaipima kabla ya kufungua chochote.

Kama pamoja na taa honi nayo imegoma, au vitufe vya redio kwenye usukani havifanyi kazi, tunahama chini ya kiti na kwenda kwenye usukani. Nyuma yake kuna waya bapa uliozungushwa kama utepe, unaojikunja na kujikunjua kila unapokata kona. Ukichanika, eabegi ya dereva inakosa mawasiliano. Huo hatuuungi kwa kuchomea risasi ya waya, tunaweka mwingine. Na ukifungwa bila kuwekwa katikati, utakatika siku ya kwanza utakapopiga kona kali.

Ombi moja kwa mnaopenda kujitengenezea: msiipime eabegi yenyewe kwa mita. Umeme wa betri ndogo iliyo ndani ya mita unaweza kutosha kuilipua usoni kwako. Sisi tunachomoa waya hasi wa betri, tunasubiri dakika kadhaa umeme uliobaki kwenye boksi uishe, kisha mahali pa eabegi tunachomeka rizista ya omu 2, kipande kidogo chenye ukinzani kama wa eabegi, na kusoma tena. Kosa likiondoka, tunajua waya ni mzima na tatizo ni eabegi. Rizista inatoka, kazi halisi inaanza.

Kuna wanaoiacha rizista humohumo. Taa inazima, mteja anafurahi, na nyuma ya kifuniko cha usukani hakuna kitu. Hii tunaikuta hasa kwenye magari yaliyowahi kugongwa na kupakwa rangi upya. Wengine wanaunganisha taa ya eabegi na ya oili ziwake na kuzima pamoja. Hiyo unaweza kuikamata mwenyewe unapokwenda kununua gari: fungua swichi bila kupiga stata, hesabu hadi kumi. Taa nzima huwaka na kuzima yenyewe baada ya sekunde kama 6. Isipowaka kabisa, balbu imeng'olewa au imeungua. Ikisubiri mpaka injini iwake ndipo izime sambamba na ya oili, mwambie muuzaji afungue dashibodi mbele yako. Ya rizista hutaiona kwa njia hii, mpaka tufungue.

Lipo pia jambo ambalo taa haisemi kabisa. Eabegi nyingi za kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika mwaka 2017, zilitumia baruti ya amonia nitrati ambayo huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, yaani hali ya hewa yetu ya kila siku. Ikilipuka, chuma chake kinaweza kupasuka na kurusha vipande. Toyota, Honda, Nissan, Mazda na Subaru zote ziliita magari yarudishwe. Umeme wake unapimwa mzima, hivyo dashibodi inakaa kimya. Ukija, njoo na kadi ya gari. Tutaingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji na kuangalia mbele yako.

Kusoma makosa tunatoza peke yake, na unaambiwa kosa na bei kabla hatujagusa waya. Vimashine vidogo vya bei rahisi vingi vinasoma injini tu, kwa hiyo ukiambiwa "hakuna kosa" huku taa inawaka, usishangae. Wala usichomoe betri usiku ukitumaini taa itajifuta. Kwenye magari mengi kosa la SRS linabaki kwenye kumbukumbu. Mnaotoka Newala na Tandahimba, fikeni asubuhi, na mtoe mizigo chini ya viti kabla ya kuja.

Mama wa Mikindani sasa anaweka ndoo zake nyuma, kwenye beseni.