Karatasi ya bei ya gari jipya iwe na zaidi ya mstari mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie jambo linalonisumbua tangu chama chetu cha akiba na mikopo hapa Arusha kiliponituma kutafuta bei ya gari jipya la ofisi. Wanachama walikataa turudi kwenye yadi za magari yaliyotumika, kwa kuwa lile la kwanza, tulilolinunua likiwa na umri wa miaka kumi na moja, lilitumaliza kwa matengenezo. Safari hii walitaka gari la kutoka kiwandani, lenye dhamana, la petroli, lisilozidi cc 1,800. Nilikwenda kwa wakala mmoja, nikapokewa vizuri, nikakalishwa, nikapewa karatasi iliyogongwa mhuri. Ilikuwa na mstari mmoja tu wa fedha, yaani jumla ya shilingi, na chini yake maneno "kodi zote zimo". Wiki hiyo hiyo shemeji yangu anayeishi Nairobi alinitumia picha ya karatasi kama hiyo, ya gari la jina lile lile. Nilipogeuza shilingi za Kenya kuwa za kwetu, nilikuta la Nairobi limezidi kwa fedha ambazo zingenunua bajaji mbili na chenji ikabaki.

Nilipolieleza hili kwenye kikao, mzee mmoja alisema kwamba wauza magari wanatuibia, ila wenzetu wa Nairobi wanaibiwa zaidi. Wengi waliitikia, na sikuwa na la kumjibu, kwa sababu karatasi zote mbili zilinyamaza. Ndipo nikakaa na viwango vya kodi vya mwaka wa fedha 2024/25 vya nchi hizi mbili, nikapiga hesabu mwenyewe, na ningependa wasomaji wako waifuate.

Chukua gari jipya la abiria la cc 1,800 ambalo thamani yake likifika bandarini, pamoja na nauli ya meli na bima, ni dola 10,000. Likishushwa Dar es Salaam, ushuru wa forodha ni asilimia 25, kwa hiyo linakuwa la dola 12,500. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya ukubwa huo ni asilimia 5, lakini hautozwi kwenye zile 10,000 za mwanzo. Unatozwa kwenye 12,500, nao ni dola 625. Kisha inakuja VAT ya asilimia 18, nayo inahesabiwa juu ya jumla yote hiyo, yaani 13,125, na gari linatoka getini likiwa limefika dola 15,487 na nusu. Gari hilo hilo likishushwa Mombasa linakutana na ushuru wa forodha wa asilimia 35, kiwango ambacho Kenya imekitumia kwa magari tangu Julai 2023, na linakuwa la 13,500. Ushuru wa bidhaa kwa gari la zaidi ya cc 1,500 ni asilimia 25, nao unaongeza 3,375. Mwisho VAT ya asilimia 16 inaongeza 2,700, na jumla inakuwa dola 19,575. Sijaweka tozo ndogo ndogo za reli na za nyaraka ambazo kila nchi inazo.

Tazama kilichotokea hapo. VAT ya Kenya ni ndogo kuliko yetu, na kiwanda kimepokea fedha zile zile, lakini mnunuzi wa Nairobi ametoa zaidi ya dola 4,000 za ziada kabla wakala hajaongeza hata senti yake. Kila kodi inapanda mgongoni mwa kodi iliyotangulia, na hata nauli ya meli, ambayo si gari, imetozwa kodi mara tatu. Ndiyo maana tofauti ya asilimia kumi katika ushuru wa kwanza haibaki kumi inapofika mwisho. Silaumu Kenya kwa kuchagua kiwango chake, kwani ina viwanda vya kuunganisha magari Thika, Mombasa na Nairobi ambavyo huingiza vipande bila ushuru wa forodha, na hoja ya kulinda ajira za watu hao ina uzito. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo una bei, na bei hiyo ingepaswa kuonekana kwenye karatasi ya mnunuzi.

Wapo wanaosema kuwa magari ni ghali huku kwetu kwa sababu tuko mbali na viwanda. Umbali una sehemu yake, hasa kwa ndugu zetu wa Kigali na Lubumbashi ambao gari lao likishuka Dar es Salaam bado lina safari ndefu ya barabara. Hata hivyo umbali hauelezi mengi. Denmark imepakana na Ujerumani, nchi yenye baadhi ya viwanda vikubwa kabisa vya magari duniani, lakini gari jipya Denmark lilijulikana kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa ghali zaidi Ulaya. Huko VAT ni asilimia 25, na juu ya bei yenye VAT inakaa kodi ya usajili inayopanda kwa ngazi hadi asilimia 150, wakati Mjerumani analipa VAT ya asilimia 19 na hana kodi ya namna hiyo. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba bei ya kabla ya kodi nchini Denmark mara nyingi ilikuwa ya chini kuliko ya Ujerumani. Watengenezaji walijua kuwa mnunuzi wa huko amekwisha kubanwa na serikali yake, wakapunguza sehemu yao ili wauze. Kwa maneno mengine, kiwanda hakina bei moja ya dunia; kinapima mfuko wa kila nchi na kuomba kile ambacho mfuko huo unaweza kutoa.

Hapo ndipo mzee wetu wa kikaoni anapopata haki yake kidogo, kwa sababu wapo watengenezaji walioonyesha kuwa hawataki wanunuzi walinganishe bei na kuvuka mpaka. Mwaka 1998 Tume ya Ulaya iliitoza kampuni ya Volkswagen faini ya ekyu (kipimo cha fedha cha Ulaya kabla ya yuro) milioni 102 kwa kuwazuia mawakala wake wa Italia kuwauzia magari wateja kutoka Ujerumani na Austria, waliokuwa wakifuata bei nafuu. Mahakama ilipunguza faini hiyo baadaye, lakini kosa lenyewe lilithibitishwa.

Yapo mengine ambayo hayana njama yoyote. Kenya huuza magari mapya elfu kumi na kitu tu kwa mwaka, wakati Afrika Kusini huuza zaidi ya laki tano. Wakala wa huku anagawa gharama ya fundi, mitambo na ghala la vipuri kwa wateja wachache. Fedha nazo huyumba: shilingi ya Kenya ilifika karibu 160 kwa dola moja Januari 2024, na katikati ya mwaka huo ilikuwa imerudi karibu 130, kwa hiyo gari lililolipiwa Januari lilibeba hasara ya Januari hata kama liliuzwa Julai. Na jina la gari pia hudanganya. Niliporudi kuzisoma vizuri zile karatasi mbili, niliona kwa maandishi madogo kuwa gari la Nairobi lina mifuko ya hewa sita na letu lina miwili. Nilikuwa nimelinganisha magari mawili tofauti kwa wiki nzima.

Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza Januari 2005, na lengo lake lilikuwa bidhaa inayotoka nje ikutane na ushuru mmoja popote inapoingilia. Nchi wanachama zimekuwa zikiomba ruhusa ya kujitoa kwa muda katika kiwango cha pamoja, na wananchi tunayaona matokeo bila kuyajua. Tume ya Ulaya kwa miaka mingi, hadi 2011, ilichapisha taarifa ya bei za magari mapya katika nchi wanachama, aina kwa aina, kabla ya kodi na baada ya kodi. Naiomba sekretarieti ya Jumuiya, ambayo makao yake yapo hapa hapa Arusha, itoe taarifa ya namna hiyo walau mara moja kwa mwaka, ikieleza na vifaa vya usalama vilivyomo katika kila gari. Viwango vya kodi ni vya umma na mawakala wenyewe wanahesabika, kwa hiyo kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Naziomba pia mamlaka za mapato na za ushindani katika kila nchi zimtake wakala aandike mchanganuo kwenye kila karatasi ya bei.

Mimi nimekwisha kumwandikia wakala yule, nikimwomba mistari mitano: thamani ya gari bandarini, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT, na kilicho chake yeye. Kikao chetu ni mwisho wa mwezi huu, na karatasi atakayonipa nitaisoma mbele ya wanachama kama ilivyo.

Wako,
Mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo,
Arusha