Barua kwa mwanangu: pasi, nta na ulimbo

Mwanangu,

Nimefika Portland salama, saa tano kasoro usiku. Barabara ilikuwa nyeupe hadi New Hampshire, nikawa nakwenda mwendo wa jongoo. Ningeweza kupiga simu, lakini kwa simu jambo hili ningelipitisha kwa mzaha, kama kawaida yangu.

Ni lile la Ijumaa. Umemaliza mbio za skii, vile vibao virefu vya kutelezea theluji, umelala kwenye theluji unahema, mimi nikakusimamia kichwani mbele ya wenzako: "Si nilikwambia mchezo huu si wetu?" Nikajifariji kwamba nimesema Kiswahili. Wenzako hawakuelewa maneno, lakini sura yangu waliisoma, maana yule msichana wa kofia nyekundu alinyanyuka akaondoka.

Nilichokuwa nimekiona ni hiki: mnaachiwa mmoja mmoja, kila nusu dakika, wenzako wanapanda kilima kwa miguu myepesi, na wewe unatoka kando ya njia, unavua skii, unaikwangua chini kama mtu anayeparua samaki. Mara mbili. Ukawa wa 52. Nikahesabu saa nne na ushei nilizoendesha kutoka Maine hadi Ripton, Vermont, na zamu niliyobadilishana kazini, hasira zikanipanda.

Jumamosi asubuhi baridi ilinishinda, kocha wenu akanihurumia na kunifungulia lile trela la mafundi. Mama, kwa nini hukuniambia kwamba mle ndani kuna pasi? Miaka mitatu unaniambia "nta, nta", mimi nikidhani mnapaka kama mafuta ya nazi. Nimekuta vijana watatu, macho mekundu, skii zimebanwa mezani tumbo juu, wanapiga pasi! Nilisimama pale kama niko Tanga, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, kwenye kibanda changu cha kupiga pasi.

Mmoja pasi yake ilikuwa inatoa moshi. Nikajizuia, nikashindwa. Nikamwambia, "Kijana, umezidisha moto." Akacheka, akaipunguza, akasema ndivyo walivyofundishwa: nta ikitoa moshi unaunguza chini ya skii. Hapo tukawa ndugu. Nikamweleza jinsi tulivyokuwa tukipitisha pasi ya makaa juu ya jani la mgomba ili iteleze bila kung'ang'ania nguo. Akaandika kwenye simu yake! Jani la mgomba atalipata wapi Vermont, sijui.

Ndiye aliyenieleza Ijumaa ilivyokuwa. Kwenye mtindo wa kale, sehemu ya skii iliyo chini ya mguu hupakwa nta ya kushika, mbele na nyuma nta ya kuteleza. Ukikanyaga kwa nguvu, katikati inagusa theluji na kushika. Ukilegeza, inainuka, unateleza. Theluji ikiwa kavu na baridi, nta ngumu inatosha. Ikiwa nzee, imeyeyuka ikaganda, wanatumia kitu cha kunata kiasi kwamba nilipokigusa nilicheka peke yangu: ni ulimbo, ule ule tuliotegea ndege utotoni. Kibaya kuliko vyote ni digrii sifuri na theluji mpya inaanguka, kama Ijumaa. Nta laini inaibeba theluji, inaganda, unatembea na donge la barafu chini ya mguu. Walijaribu jozi baada ya jozi tangu alfajiri. Walipopata iliyofaa, hewa ikabadilika dakika 20 kabla yako hujaachiwa.

Akanieleza pia kwamba zamani palikuwa na nta ya florini iliyoteleza ajabu, ila kemikali zake haziozi, hubaki kwenye maji na udongo, na shirikisho la kimataifa la skii, FIS, likaipiga marufuku kwenye mashindano kuanzia msimu wa 2023–24. Mimi kilichonishangaza zaidi ni kwamba mnapaka nta, mnaipiga pasi, kisha mnaikwangua yote! Eti inayofanya kazi ni ile iliyozama ndani.

Kila Mswahili nikimwambia binti yangu anakimbia skii chuoni, ananitajia Philip Boit wa Kenya. Olimpiki ya Nagano, 1998, kilomita 10, wa 92, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, na Dæhlie akamngoja akamkumbatia. Hadithi nzuri, na Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Lakini nimechoka kuisikia, maana Boit alikwenda kule akiwa mgeni. Wewe ulivaa skii za kuazima shuleni ukiwa na miaka tisa. Mgeni Ripton nilikuwa mimi.

Jumamosi sikukuona mwanzoni. Mliachiwa wote pamoja, wawili wakaanguka kwenye kona ya kwanza, nikasema basi. Mzunguko wa pili ukapita mbele yangu, mdomo wazi, kamasi imeganda, hukunitazama. Wa 19, na wa tatu kwa chuo chenu. Yule fundi ndiye aliyenishika mkono kunieleza kwamba wa tatu ndiye wa mwisho kuhesabiwa pointi, na kwamba zako zitajumlishwa na za wenzenu walioteremka mlima kwa skii kule kwenye uwanja wa Snow Bowl. Alikuwa na furaha kuliko mimi. Skii zile alizipiga pasi yeye.

Niliwahi kuunguza kanzu ya bwana harusi, asubuhi ya nikaha yake. Alinitukana barabarani, watu wamejaa. Sijamsahau sura yule bwana mpaka leo, na Ijumaa sura ile nilikuwa nimeivaa mimi. Nisamehe, mama.

Mbio zenu zijazo nimeomba ruhusa kazini, Ijumaa na Jumamosi. Mashuka ya hospitali yatanisubiri. Mama yako anauliza kama mafundi wanakula vitumbua. Nimemwambia sijaona anayekataa, ila wanawe kwanza mikono, ule ulimbo hautoki.

Baba yako