Barua ya wazi kwa Gavana wa Nairobi: majina ya wapagazi yaandikwe

Mheshimiwa Gavana,

Nyumbani kwetu kuna picha ya babu iliyopigwa hapa Nairobi kabla ya uhuru, wakati Kenyatta Avenue ilipokuwa bado ikiitwa Delamere Avenue. Ameshika kofia mkononi. Nyuma yake wamesimama wale watu watatu wa shaba wa mnara wa kumbukumbu tunaowapita kila siku tukikimbilia matatu. Picha imefifia pembeni, lakini mmoja wao, mpagazi, yaani mbeba mizigo wa jeshi, bado anaonekana vizuri. Nyanya alituambia babu hakwenda pale kutembea. Baba yake alichukuliwa mwaka 1917 kubebea jeshi mizigo, hakurudi, na kaburi lake hatulijui. Babu alitaka mahali pa kumlilia.

Mnara huo ulizinduliwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kutumika katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba anayekufa akipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Nimezunguka mnara ule wote, Mheshimiwa. Hakuna jina la mpagazi hata mmoja.

Na kazi yao haikuwa ndogo. Barabara zilikuwa chache, mbung'o waliua farasi na ng'ombe, kwa hiyo chakula na risasi vilisafiri vichwani mwa watu hadi ndani kabisa ya Tanganyika, iliyokuwa koloni la Wajerumani. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara damu, malaria na utapiamlo, si kwa risasi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Hapa mjini kilichobaki ni mtaa wa Kariokor. Watu huenda kule kununua vyondo na kula nyama choma, na wengi hawajui kwamba neno lenyewe limetokana na Carrier Corps, jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Hata hilo ni jina la kikosi tu, si la mtu.

Ninachoomba kinawezekana. Wekeni ubao karibu na sanamu, ueleze kwa Kiswahili chepesi watu wale ni akina nani. Shirikianeni na Makumbusho ya Kitaifa na Hifadhi ya Nyaraka kutafuta majina. Muhimu zaidi, fungueni daftari ambalo familia zitaandikisha wazee wao, kwa sababu wanaokumbuka wanatutoka mmoja mmoja. Nyanya yangu alishazikwa.

Jina la baba yake babu tunalo, limeandikwa kwa penseli nyuma ya picha ile. Siku mtakayofungua daftari, nitalileta mwenyewe.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Nairobi