Namba 4294967297 si tasa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili nisahihishe jambo lililochapishwa humo juma lililopita, pale msomaji mmoja alipoandika kwamba 4294967297 ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kwa kuwa ameigawa kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13, na kila mara ikabakiza. Aligawa sawasawa, lakini aliacha mapema mno.

Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Mwaka 1640 mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba namba zote za ukoo wake, yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kipeo kikiongezeka maradufu, kila moja ikiongezewa 1, ni tasa, kwa vile 3, 5, 17, 257 na 65537 zinazoitangulia ni tasa kweli. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kwamba hii inayofuata ni zao la 641 na 6700417.

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Bukavu, komini ya Kadutu, na baada ya kusoma barua ile niliipeleka namba hiyo darasani. Wanafunzi 40 waligawana namba tasa 120 za mwanzo, tatutatu, kuanzia 2 hadi 659, wakafanya kazi kwa kalamu na karatasi. Somo letu hufundishwa kwa Kifaransa, lakini mabishano ya siku ile yote yalikuwa ya Kiswahili. Msichana aliyeangukiwa na 631, 641 na 643 ndiye aliyesimama akasema, "Mwalimu, 641 haibakizi kitu." Kabla ya hiyo kuna namba tasa 115, na zote zimeshindwa.

Euler hakuhitaji kuzijaribu zote, kwani alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii ni lazima kiwe kigawe cha 64 kilichoongezewa 1. Tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641 yenyewe.

Kuna uthibitisho mwingine ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu hauna mgawanyo mrefu hata mmoja. Kwa kuwa 641 ni 5 mara 128 ukiongeza 1, basi 5 mara 2 kwa kipeo cha 7 hubakiza hasi 1 ikigawanywa kwa 641 (yaani imepungukiwa 1 tu ili igawanyike), na ukiipandisha yote kwa kipeo cha nne hubakiza 1. Lakini 641 ni pia 625 ukiongeza 16, kwa hiyo ile 625, ambayo ni 5 kwa kipeo cha nne, tunaweza kuibadilisha na hasi 16. Kwa kuwa 16 ni 2 kwa kipeo cha 4, na 2 kwa kipeo cha 7 ikipandishwa kwa kipeo cha nne ni 2 kwa kipeo cha 28, hapo hasi ya 2 kwa kipeo cha 32 ndiyo inayobakiza 1, maana yake 2 kwa kipeo cha 32 ikiongezewa 1 hugawanyika kabisa.

Nawaomba mchapishe sahihisho hili, pamoja na ndugu yake anayefuata, 18446744073709551617 (2 kwa kipeo cha 64, ukiongeza 1), ambaye wanafunzi wangu wameanza kumtafutia vigawo tangu Jumatatu.

Mwalimu wa hesabu,
Kadutu, Bukavu