Menyu haibonyezeki, halafu naambiwa nipakue Chrome

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, kuna jambo limenikera mno na sidhani kama niko peke yangu.

Wiki iliyopita nilikuwa nataka kujaza fomu kwenye tovuti moja, natumia iPhone, menyu ya juu ina vitu vitano na kile cha tano, "Ingia", ndo nilichokuwa nakihitaji, kimeporomoka mstari wa pili kikaingia chini ya picha, nabonyeza weee hakuna kitu. Nikawapigia, jibu likawa "pakua Chrome". Hapo ndo nilipoumia, kwa sababu mimi mwenyewe natengeneza tovuti na najua Chrome ya kwenye iPhone inatumia injini ileile ya Safari, brauza ya Apple, yaani WebKit, ile programu ya ndani inayochora ukurasa, Apple kwa miaka mingi haikuruhusu injini nyingine na ni 2024 tu ndo ikalegeza kwa nchi za Umoja wa Ulaya. Yaani hata ningepakua, ningeikuta menyu imeanguka vilevile.

Mafundi wenzangu, mnajua kabisa linapoanzia hili. Umepanga vitu vyako kwa inline-block, ile amri ya kuvipanga kama maneno kwenye mstari, umepima padingi, ile nafasi ya ndani ya kila kitu, pikseli kwa pikseli mpaka vimeenea kwenye kompyuta yako, umeridhika, kumbe simu ya mwenzio haina ile fonti, yaani aina ya herufi, uliyoiona wewe, imeweka ya kwake nene kidogo, kila neno limepanuka pikseli mbili tatu, na bado kuna zile nafasi tupu kati ya kitu na kitu ambazo nazo zinafuata ukubwa wa fonti. Basi cha mwisho kinakosa pa kukaa, kinashuka.

Zamani tulikuwa na la kujitetea. Orodha tu yenyewe tunayojengea menyu, Firefox inaisogeza kwa padingi, Internet Explorer ya wakati ule inaisogeza kwa margin, nafasi ya nje, ukifuta moja unapona huku unaumwa kule, ilibidi ufute zote mbili ndo uanze kazi. Lakini Internet Explorer 11 ilistaafishwa Juni 2022, flex, njia mpya zaidi ya kupanga vitu kwenye mstari, inafanya kazi kwenye brauza zote kubwa, hata gap yake, ile amri ya kuweka nafasi kati ya kitu na kitu, Safari inaielewa tangu 2021. Ukiweka display: flex zile nafasi tupu zinakufa zenyewe, ukiongeza flex-wrap, ruhusa ya vitu kushuka mstari, na usiifunge menyu urefu wa kwenda juu, kitu kikishuka kinashuka wazi watu wanakiona na wanakibonyeza.

Na zile menyu za kufunguka mpaka upitishe mshale juu yake jamani, simu ina mshale gani?

Ninachoomba ni kabla hujakabidhi kazi, fungua Chrome, fungua Firefox, azima iPhone ya mtu ushike mkononi, kuza maandishi kama anavyokuza mtu asiyeona vizuri, halafu bonyeza kila kitu kwenye menyu mpaka cha mwisho. Ni dakika kumi hizo.

Fomu yangu nilikuja kuijaza siku mbili baadaye kwenye kompyuta ya kuazima. Leo naandika barua hii nimeifungua tena ile tovuti kwenye simu, "Ingia" bado iko chini ya picha.

Msomaji wako, fundi tovuti