Kaka, ile picha haikumwona Mama

Kaka,

Nakuandikia hapa kwa sababu simu hupokei, na kwenye grupu la familia nikitia neno unanyamaza. Wanaopita wakasoma, wasome.

Mchana ule unaujua. Mama amelala, mto uko chini ya goti, mimi nakunja nguo. Simu nimeitoa spika na kuiweka juu ya stuli ili naye amsikie mwanawe wa Maskati. Hata salamu hukuimaliza. "Nimemwonyesha daktari wa huku ile eksirei. Daraja la nne. Nyonga imekwisha, hapo sindano ni kumwaga hela." Nikarukia simu nizime spika, kidole kikateleza. Ukarudia: "Imekwisha kabisa." Mama akauliza taratibu, "Nini kimekwisha, baba?" Ukasema mtandao unasumbua. Akageukia ukutani, na chai ya alasiri siku ile hakuinywa.

Daktari wako hakudanganya. Hata mimi niliinua ile picha dirishani: kati ya kichwa cha paja na kikombe chake hapakuwa na nafasi, mfupa umekalia mfupa, na pembeni umeota vijipembe. Hayo madaraja ya kusagika kwa kiungo walitunga madaktari Kellgren na Lawrence mwaka 1957, sifuri hadi 4, na yanapima kivuli cha mfupa. Maumivu hayamo. Wapo wa daraja la nne wanaopanda ngazi, na wa daraja la pili wasiolala. Eksirei haioni utando wa kiungo ulivyovimba, wala majimaji. Na ile sindano ni ya steroidi, dawa inayokwenda kutuliza huo uvimbe. Mfupa uliosagika haiurudishi, na hakuna aliyetuambia itaurudisha. Umeuliza kivuli cha mfupa habari za uvimbe, kisha ukamsomea mama yetu jibu.

Yule daktari kijana wa huku aliyemchoma sindano, uliyemwita mwanafunzi, alimpaka Mama jeli kinenani akanionyesha kwenye skrini ya altrasaundi ukanda mweusi mbele ya shingo ya mfupa. Maji. Nikamwuliza, "Kwa hiyo itamsaidia?" Akasema laiti mashine ingejua hilo. Watafiti wamejaribu kuangalia maji na uvimbe, kwa altrasaundi na kwa MRI, ile mashine ya sumaku, wabashiri nani atapata nafuu, na majibu yao hayajakubaliana. Nilimwamini kwa sababu hakuniahidi kitu.

Nyonga iko ndani sana, na mbele yake inapita mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu, hivyo sindano aliisindikiza kwa macho kwenye skrini mpaka ikafika. Ilichanganywa na ganzi. Dakika kumi hazijafika, Mama akakunja mguu, akaukunjua, akasema, "Mbona kumenyamaza?" Ganzi ikituliza hivyo, basi maumivu yanatoka kwenye nyonga. Mwaka mzima umenibishia kwamba ni mgongo.

Kile kiti cha plastiki alichokuwa akiswalia, siku ya sita aliniambia nikiondoe. Nilisimama mlangoni nikamwona anakwenda sijida. Akachelewa kuinuka, nikadhani amekwama. Hakuwa amekwama.

Wiki tisa, kaka. Ya kumi akaanza tena kushika ukuta. Nimesoma mpaka saa nane za usiku: utafiti mmoja wa Uingereza wa mwaka 2022, watu 199, waliochomwa steroidi na ganzi walipata nafuu kuliko waliopewa ushauri tu, na nafuu hiyo ikafifia kadiri miezi ilivyokwenda. Kwa hiyo sikumletea Mama maajabu. Nilimletea wiki tisa.

Sukari ilimpanda siku zile za mwanzo, nami nilikuficha. Hilo ni kosa langu. Na lile lingine, ulilolisema siku ya arobaini mbele ya Baba Mdogo na watu bado wanakula: kwamba sindano yangu ndiyo iliyomchelewesha operesheni. Ni kweli daktari wa upasuaji alikataa kumgusa mpaka miezi mitatu ipite tangu sindano, kwa kuogopa vijidudu kwenye nyonga ya bandia. Hilo la miezi mitatu nililijua, yule kijana aliniambia kabla. Nisichokijua ni kwamba ulishalipia operesheni na tarehe umeshapewa, ukaiweka moyoni ije iwe zawadi. Ungeniambia tarehe ningesubiri. Nadhani ningesubiri. Hukuwapo wewe usiku anaponiita nimgeuze ubavu. Kiharusi kikamchukua wiki ya 11, na kwa presha ile nani kakwambia angetoka salama chumba cha upasuaji? Haya, ona, nami nabashiri, tena bila picha.

Lakini nikwambie kitu. Kwenye video ya harusi ya binti yako nimekuona unavyoshuka jukwaani, unatanguliza mguu wa kushoto kama yeye. Mambo haya hutembea kwenye ukoo. Nenda kapimwe, na usiwape picha tu, waeleze: inauma kinenani au matakoni, ukivaa soksi au ukilala. Waache wakushike huo mguu wauzungushe. Mama nilimpeleka akashikwa. Mara nne nilimpeleka, kwa bajaji, nimempakata mguu mapajani mwangu njia nzima ili mashimo yasimtikise, na hakuna hata mara moja uliyoniuliza tulikwendaje.

Bahasha ya eksirei bado iko juu ya kabati. Ulisema niichome, sijaichoma. Kile kiti walikiazima majirani siku ya arobaini na hawajakirudisha, na mimi sijawauliza.